Solo inapotelea wapi? Jibu kuhusu saketi ya toni kwenye ampi ya vali

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Mwanza, na ampi nimejenga mwenyewe: vali (taa za kukuza ishara) za 12AX7 mbili, na EL84 mbili za kusukuma spika. Toni nimeiga mchoro wa Fender, kampuni ya ampi ya Marekani, wa miaka ya 1960 wenye nobu mbili tu, trebo na besi. Kapasita ya trebo ni pikofaradi 250, kuna rizista ya kilo-omu 100, kapasita za nanofaradi 100 na 47, na chini kabisa rizista ya kilo-omu 6.8 kwenda kwenye chasisi. Nyumbani Igoma nikipiga peke yangu ni tamu mno. Tukifika ukumbini bendi nzima, solo inamezwa. Nikiongeza trebo inachoma masikio, nikiongeza besi inavuma tu. Tangu nifunge hiyo toni sauti yote imeshuka. Halafu nobu ya besi inafanya kazi mwanzoni tu, baada ya hapo unazungusha haibadiliki kitu. Nimeweka potenshiometa (rizista inayozungushwa na nobu) ya mega-omu 1 kwa sababu ndiyo niliyopata. Ninunue vali nyingine, au spika?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue vali, na spika iache kwanza. Umeandika thamani zote, hivyo tatizo linaonekana hata kabla ampi haijafunguliwa. Saketi uliyoiga inachimba bonde kwenye sauti za kati, na bonde hilo limeangukia palepale noti zako za solo zinapokaa.

Anza na gitaa lenyewe, maana mafundi wengi hukimbilia kapasita kabla ya kujua chombo kinatoa nini. Solo ya dansi huchezwa zaidi kwenye nyuzi tatu nyembamba, kuanzia freti ya 5 kupanda hadi ya 15 hivi. Uzi wa tatu kwenye freti ya 5 ni hezi 262, yaani mitetemo 262 kwa sekunde. Uzi wa kwanza kwenye freti ya 5 ni hezi 440, freti ya 12 ni hezi 659, freti ya 15 ni hezi 784. Kwa hiyo mwili wa noti zako, ukiacha sauti ndogondogo zinazozaliwa juu yake, uko kati ya hezi 260 na 780. Bonde la toni ya Fender ya miaka hiyo, nobu zikiwa katikati, liko karibu na hezi 400. Umejenga ampi inayopunguza hasa kile unachopiga.

Nyumbani hulisikii hilo kwa sababu uko peke yako. Besi ya ampi inajaza chumba, trebo inang'ara, sikio linaridhika. Ukumbini gitaa la besi na ngoma kubwa vimeshachukua chini, visahani na gitaa la ridhimu vimechukua juu. Nafasi inayobaki ni ya kati, nawe unaigawana na mwimbaji. Ukiongeza trebo unagombana na visahani, ukiongeza besi unagombana na mpiga besi, na kote huko unashindwa. Hata wapigaji wazuri kabisa hulaumiwa kwamba hawasikiki, wakati mkono hauna kosa.

Fender hawakukosea. Kampuni ilikuwa Fullerton, California, na wateja wake wengi wa mwanzo walikuwa wapiga kantri waliotaka sauti safi, yenye kung'aa, isiyokwaruza. Koili za magitaa yao na spika zao zilikuwa tayari zinasukuma mbele sauti za juu ya kati, kwa hiyo bonde lilisaidia kusawazisha. Kwa muziki ule ni saketi nzuri sana. Wewe una kazi nyingine.

Sasa tuingie ndani. Toni ya aina hii haina uwezo wa kuongeza chochote. Ni rizista (zinazozuia umeme) na kapasita (zinazopitisha sauti za juu kuliko za chini) tupu. Nobu ya trebo ikiwa kwenye 10, maana yake trebo haijapunguzwa sana. Ndiyo sababu sauti yote ilishuka ulipoifunga: saketi hii ikiwa katikati hula karibu desibeli 20, yaani inabakiza kama sehemu moja ya kumi ya volti zilizoingia. Hilo ni la kawaida na hatua ya vali inayofuata (sehemu inayokuza ishara) huwekwa kwa ajili ya kulirudisha.

Ishara ikitoka kwenye anodi (mguu unaotoa ishara iliyokuzwa) ya vali ya kwanza inagawanyika njia mbili. Njia moja ni kapasita ya pikofaradi 250, inayopitisha za juu tu kwenda kwenye nobu ya trebo. Njia ya pili ni rizista ya kilo-omu 100, tuiite rizista ya mteremko, na mbele yake kuna kapasita mbili. Ile ya nanofaradi 100 inalisha nobu ya besi. Ile ya nanofaradi 47 inashusha ishara kwenye rizista ya kilo-omu 6.8 na kuitupa kwenye chasisi, na hii ndiyo inayokula solo yako.

Kanuni ya kujua kapasita na rizista zinaanzia wapi kufanya kazi ni 1 gawanya kwa (6.28 × R × C), R ikiwa rizista kwa omu na C kapasita kwa faradi. Weka omu 100,000 na nanofaradi 47, utapata hezi 34. Uzi mnene wa gitaa ukiachwa wazi ni hezi 82. Maana yake gitaa lote, kuanzia noti ya chini kabisa, limo ndani ya eneo ambalo ishara inavutwa kwenda chini. Ukizidi kupanda, kapasita inaelekea kuwa kama waya, na kinachobaki ni mgawanyo wa rizista: 6.8 juu ya jumla ya 6.8 na 100. Ongeza na kilo-omu 38 hivi, ambazo ni ukinzani wa hatua ya 12AX7 yenyewe ikitolewa kwenye anodi yenye rizista ya kilo-omu 100. Inabaki asilimia 4.7 ya ishara, au desibeli 26.6 chini. Hesabu hii ni ya haraka na inapuuza msaada unaotoka upande wa trebo, lakini inakuonyesha kina cha shimo.

Upande wa trebo fanya hesabu hiyohiyo. Pikofaradi 250 na potenshiometa ya kilo-omu 250 zinatoa hezi 2,546. Nobu yako ya trebo, basi, inaamka juu sana, mahali pa mlio wa plekta kugonga uzi, ikiwa imeiruka kabisa noti yenyewe. Ndiyo maana inachoma masikio bila kuleta solo mbele.

Dawa ni kuinua sakafu ya bonde na kuishusha trebo ikutane na noti. Na unaweza kuijaribu bila kung'oa kitu chochote, kwa kuongeza vipande vitatu tu. Lehemu rizista ya kilo-omu 120 sambamba na ile ya 100. Zikiwa pamoja zinakuwa kilo-omu 54.5. Ifungue ile ya 6.8 upande wa chasisi, uiunganishie kilo-omu 18 kwa mfuatano, upate 24.8. Mwisho, lehemu kapasita ya pikofaradi 220 sambamba na ile ya 250, upate 470. Rudia hesabu ya shimo: 24.8 juu ya jumla ya 24.8, 54.5 na 38 ni asilimia 21, desibeli 13.5 chini. Umeokoa desibeli 13 za sauti ya kati, yaani volti zinazofika kwenye hatua inayofuata zimekuwa mara nne na nusu. Trebo nayo imeshuka hadi hezi 1,355. Malalamiko yako mawili, kumezwa na kushuka kwa sauti, yanatibiwa na vipande hivyohivyo.

Kabla hujashika kitu, zima, chomoa plagi, kisha toa umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa za pawa. Usizitoe kwa bisibisi. Shikiza rizista ya kilo-omu 10 yenye wati 5 kati ya mguu wa chanya na chasisi, kwa waya zenye ngozi nzuri na mkono mmoja ukiwa mbali na chuma, subiri, halafu pima kwa mita uone imeshuka chini ya volti chache. Ampi ya EL84 ina volti 300 na ushei humo ndani, zinaua, na zinakaa hata ikiwa imechomolewa. Mwenzako asikuharakishe kwamba watu wanasubiri ukumbini.

Ukiridhika na jaribio hilo, hatua ya pili ni kapasita. Badilisha ya nanofaradi 47 na ya nanofaradi 100, zote ziwe 22. Kwa kilo-omu 54.5 na nanofaradi 22, mvuto wa kwenda chini unaanza kwenye hezi 133 badala ya 34, na ule mvumo wa besi unaojaza ukumbi bila noti unakatika. Kisha ondoa zile rizista za 6.8 na 18, uweke potenshiometa ya kilo-omu 25 iwe nobu ya tatu, ya sauti za kati. Toboa tundu kwenye paneli, usilionee huruma. Kwa mpiga solo nobu hiyo ina kazi kuliko zile mbili nyingine, kwa sababu kila ukumbi una mwangwi wake na kila mwimbaji ana koo lake, na utataka kuirekebisha hapohapo jukwaani.

Ukitazama thamani hizi utaona zinakaribia mchoro mwingine wa Fender, Bassman ya 1959: mteremko wa kilo-omu 56, kapasita mbili za nanofaradi 20, kati ya kilo-omu 25. Ampi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi, wapiga magitaa ya kawaida wakaipenda. Jim Marshall na mafundi wake London walipotoa ampi yao ya JTM45 mwaka 1962 waliifuata karibu yote. Baadaye Marshall wakashusha mteremko hadi kilo-omu 33 na kupandisha kapasita ya trebo hadi pikofaradi 500, na bonde likapungua kina na kusogea juu, karibu na hezi 600 na zaidi.

Hapa kuna mtego. Mchoro wa Marshall unapatikana kila mahali, na mtu akiona kilo-omu 33 anaiweka kwenye ampi yake kama ilivyo. Lakini Bassman ile na Marshall huilisha toni kutoka kwenye kathodi (mguu mwingine wa vali, mkabala na anodi) ya vali iliyowekwa kwa kazi hiyo peke yake, na ukinzani wake ni kama omu 600 tu. Wewe unailisha kutoka kwenye anodi, kilo-omu 38. Toni nzito ya Marshall ikining'inizwa hapo inaishusha hatua nzima, kupanda kwa sauti kunapungua na za juu zinafifia. Kwa vali zako mbili za 12AX7 huna nafasi ya kuongeza hatua ya kathodi, kwa kuwa 12AX7 ya pili bila shaka inatumika kugawa ishara kwa EL84 zote mbili. Kwa hiyo baki na 54.5 au 56. Kama unataka tabia ya Marshall kwa dhati, zidisha rizista zote kwa 2 na ugawe kapasita zote kwa 2: mteremko kilo-omu 68, trebo pikofaradi 250 na potenshiometa ya kilo-omu 500, kapasita nyingine nanofaradi 10, kati kilo-omu 50. Umbo la sauti linabaki lilelile na mzigo kwa vali unapungua nusu. Kinachohitajika ni kwamba volyumu inayofuata iwe mega-omu 1 au zaidi, vinginevyo volyumu yenyewe itaibana toni. Kanuni hii ya kuzidisha na kugawa ndiyo ninayoitumia kuliko zote ninapochora saketi ya toni, na inafaa popote, hata kwenye kinanda.

Nobu yako ya besi. Kapasita ya nanofaradi 22 kwenye hezi 100 ina ukinzani wa kilo-omu 72 hivi. Potenshiometa ikishazidi hapo mara chache, besi yote imeshapita na hakuna cha kuongeza. Ya kwako ni mega-omu 1, na nina hakika ni ya mstari ulionyooka, kwa hiyo sehemu ya mwanzo ya mzunguko inafanya kazi yote, iliyobaki ni bure. Na sasa hivi, ukiwa na nanofaradi 100, ni mbaya zaidi. Tafuta ya logi, yaani inayopanda polepole mwanzoni na haraka mwishoni. Kwenye zile zinazotoka China zinazojaa madukani, herufi B ni ya mstari, A ni ya logi. Usiiamini herufi peke yake. Izungushe hadi katikati upime kati ya mguu wa kati na ule wa mwanzo. Ya mstari itakupa nusu, ya logi itakupa sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo. Kilo-omu 250 ya logi inatosha kabisa kwako, mega-omu 1 ya logi pia inakubalika.

Vifaa havikuhitaji uagize Dar es Salaam. Rizista ziko kwenye maduka ya spea za redio hapa mjini. Chukua za nusu wati. Kapasita za filamu nzuri sana zimo ndani ya TV za chogo zilizokufa: tafuta iliyoandikwa 223 na volti 400 au 630. Hiyo 223 ndiyo nanofaradi 22. Na 471 ni pikofaradi 470, ambayo kwenye TV hizo huwa kidonge cha seramiki cha volti 1,000 au 2,000. Kama TV imewashwa karibuni mwachie mzoefu aifungue, maana kile kioo kinashika volti maelfu. Usishuke chini ya volti 400 kwa kapasita za toni. Upande mmoja wa kila moja unagusa umeme wa anodi, na ampi ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, vali bado baridi, hapo hupanda hadi volti zote za pawa.

Kapasita iliyochoka huvujisha umeme huo, na dalili yake ni nobu inayokwaruza kila ukiizungusha. Watu huimwagia spirit wakidhani ni vumbi. Pima volti za DC kati ya miguu ya potenshiometa na chasisi ampi ikiwa inafanya kazi, kwa uangalifu: panatakiwa pasiwe na kitu. Ukikuta hata volti kadhaa, kapasita ndiyo mgonjwa. Huku kwetu kuna sababu nyingine ya kupima. Ampi inayolala karibu na maji, Kirumba Mwaloni au visiwani Ukerewe, hunyonya unyevu, na kama umefunga saketi kwenye hadibodi au mbao ya plaiwudi, ubao wenyewe unaanza kupitisha umeme kidogo kutoka anodi hadi kwenye toni. Kapasita ni nzima lakini nobu inakwaruza. Tumia ubao wa faibaglasi.

Baada ya haya, kama bado unataka nguvu kidogo, angalia kathodi ya triodi (nusu moja ya 12AX7) inayofuata toni. Ikiwa ina rizista ya kilo-omu 1.5 peke yake, hatua hiyo inapandisha ishara mara 32 hivi. Ukiweka kapasita ya maikrofaradi 25 sambamba inafika mara 60. Kwako mimi ningeweka maikrofaradi 1. Itaongeza kuanzia hezi 200 hivi kwenda juu, yaani noti za solo zote, na kuiacha besi ilipo. Kapasita hiyo ni ya volti 16 au 25, bei ya pipi. Angalia pia kama uliweka kapasita ya pikofaradi 120 hivi juu ya volyumu, kama Fender nyingi zilivyo. Kama ipo, itoe. Ni sehemu ya kinachochoma masikio, hasa volyumu ikiwa chini.

Rafiki yako wa kinanda akikuomba umjengee, usimpe saketi hii. Kinanda kinataka nobu zikiwa katikati sauti itoke kama ilivyoingia, na toni ya Fender haiwezi hilo. Kwake tumia ya James ya mwaka 1949, au ile ya Peter Baxandall ya mwaka 1952 inayofanya kazi kwa mrejesho wa vali.

Jaribu ukumbini, si Igoma chumbani. Weka trebo na besi kwenye 5, kati kwenye 10, bendi ipige wimbo mmoja mzima, na mtu mwenye masikio akae nyuma karibu na mlango. Mwambie akuonyeshe kwa mkono noti zinapopotea, uone kama ni za juu au za chini ya uzi wa tatu. Kabla ya kuanza pima umeme wa soketi ya ukumbi. Ukikuta volti 200 badala ya 230, ampi yote itakuwa legelege na hakuna kapasita itakayoiokoa. Niandikie volti hizo, volti za anodi ya kila triodi, na jibu la yule wa mlangoni. Kama noti za uzi wa tatu bado zinafifia, tutashusha mteremko hadi kilo-omu 47.